Kimya Kina Mshindo: Fundisho Kutoka Mchezo wa Briji



Lipo swali moja ambalo kila mtu hukutana nalo, awe mkulima, karani au mzee wa kanisa. Tufanye nini na jambo tulilolijua kwa njia isiyotustahili? Hatusemi habari ya jambo tuliloliiba. Twasema habari ya lile lililotufikia masikioni bila sisi kulitafuta: barua iliyoachwa wazi mezani, neno lililomponyoka jirani, bei ya mfanyabiashara iliyotajwa nyuma ya mlango. Hatukutenda kosa kwa kulisikia. Je, twaweza kulitumia?

Tungependa kulichunguza swali hili kwa njia ambayo huenda ikawashangaza baadhi yenu, maana tutazungumza habari ya karata. Tafadhali msitupe gazeti upesi. Hatuzungumzi habari ya kamari. Tunazungumza habari ya briji ya mashindano, mchezo ambao hauhitaji fedha yoyote kuwekwa mezani, na ambao baadhi yetu tuliofundisha katika vyuo vya ualimu tulijifunza jioni kwa wakufunzi wenzetu waliotoka Uingereza. Tumeuchagua kwa sababu moja: hatujui mchezo mwingine ambao sheria zake zimelifikiria swali letu kwa makini kiasi hiki.

Mchezo wenyewe

Karata si ngeni kwetu. Neno lenyewe "karata", na majina ya aina zake, kama vile kopa, uru na shupaza, na hata neno turufu, tuliyapata kwa Wareno walioitawala pwani yetu zamani. Briji, lakini, ilikulia Uingereza na Marekani. Ilitokana na mchezo wa kale wa Waingereza uitwao whist, na sura yake ya leo ilipatikana mwaka 1925, pale Mmarekani Harold Vanderbilt alipotunga namna mpya ya kuhesabu pointi, akaijaribu pamoja na wenzake katika meli iliyokuwa ikipita Mfereji wa Panama.

Wachezaji ni wanne, wawili wawili, kila mtu akikaa ana kwa ana na mwenzi wake. Huitwa Kaskazini, Kusini, Mashariki na Magharibi. Karata 52 hugawanywa, kila mmoja akapata 13. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa, hufanyika mnada. Kila mmoja kwa zamu yake hutaja ni mizunguko mingapi yeye na mwenzi wake wataweza kuitwaa, na ni aina gani itakayokuwa turufu. Mzunguko mmoja ni karata nne, moja kutoka kwa kila mchezaji, kwa hiyo mizunguko yote ni 13. Mizunguko sita ya kwanza haitajwi; huhesabiwa kuwa msingi. Basi mtu akisema "kopa nne" anaahidi mizunguko 10, kopa ikiwa turufu. Walioahidi zaidi ndio hupewa kazi ya kuitimiza ahadi yao. Mmoja wao hucheza, na mwenzi wake huweka karata zake mezani zikiwa wazi. Wale wawili wa upande wa pili hujitahidi kuwaangusha.

Lugha ya mnada ina maneno 15 tu: hesabu kutoka moja mpaka saba, aina nne za karata, "bila turufu", "napita", "narudufu" na "narudufu tena". Kwa maneno hayo machache watu wawili hujulishana yaliyomo mikononi mwao. Ree huhesabiwa pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, na jumla yake katika karata zote ni 40. Wenzi wenye pointi 25 au 26 kati yao kwa kawaida wanaweza kuahidi kopa nne. Hata hivyo hesabu ni mwongozo tu. Mchezaji hodari hutazama pia urefu wa kila aina mkononi mwake, na kila neno ambalo wapinzani wamelisema au wameacha kulisema. Hapo ndipo busara hupimwa.

Katika mashindano, karata zilezile huchezwa pia katika meza nyingine, kisha matokeo hulinganishwa. Aliyepewa karata mbaya hapimwi na aliyepewa nzuri. Hupimwa na wale waliokuwa na mbaya kama zake. Hivyo bahati hupunguzwa sana.

Mwenzi anaposita

Sasa tuje kwenye swali letu. Tuseme sisi ni Kusini. Magharibi anafungua mnada kwa kishindo: "Kopa nne." Ni zamu ya mwenzi wetu, Kaskazini. Anazitazama karata zake. Anamtazama Magharibi. Anazitazama tena karata zake. Dakika nzima inapita. Mwishowe asema, "Napita." Mashariki naye apita, na zamu yatufikia sisi. Tukipita, mnada umekwisha. Mkononi tuna shupaza tano, kubwa zake mfalme na malkia, tena mfalme wa pau na ghulamu mmoja: pointi tisa. Je, tuseme "shupaza nne", au tupite?

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Kimya cha mwenzi wetu kimetuambia jambo ambalo neno lake halikutuambia. Mtu mwenye karata hafifu hupita mara moja. Huyu amefikiri, na kwa hiyo ana nguvu fulani mkononi, ila haikutosha. Tukiongeza nguvu yake kwenye pointi zetu tisa, shupaza nne yaonekana kuwa salama. Bila kimya kile, ingekuwa ni kuruka gizani.

Sheria za briji, katika toleo lake la mwaka 2017, zinasema wazi hapa. Kufikiri si kosa. Mwenzi wetu hakutenda dhambi yoyote. Lakini habari iliyotoka katika kimya chake si halali kwetu. Wenzi wanaruhusiwa kuzungumza kwa maneno ya mnada na kwa karata wanazotupa, basi. Hawaruhusiwi kuzungumza kwa sauti, kwa uso, kwa haraka wala kwa kusita. Na yule aliyekwisha kuipata habari ya namna hiyo anapaswa kujihadhari sana asijinufaishe nayo. Ikiwa kupita ni jambo ambalo wachezaji wa kiwango chake wangelifikiria kwa uzito, na baadhi yao wangelifanya, basi hana ruhusa ya kuchagua lile linalopendekezwa na kimya cha mwenzi wake. Itampasa apite.

Angalieni uzito wa sheria hii. Aliyesita hana hatia. Mzigo wote umemwangukia aliyesikia. Tena hakuna anayeuona moyo wake. Anaweza kusema "shupaza nne" kwa uso mkavu, na kama akiulizwa akajibu, "Karata zangu zilikuwa nzuri." Huenda yeye mwenyewe akaamini hivyo.

Haiwezekani kusahau

Hapo wengi hutoa hoja ambayo tunaiona kuwa ya haki. Husema: "Mwanadamu hawezi kukijua kitu kisha akajifanya hakijui. Tukikwisha kusikia, tumesikia. Tutajuaje tungefanya nini kama tusingesikia?"

Ni kweli, hatuwezi kujua. Moyo una hila nyingi, na hodari wa kutoa sababu nzuri ni yule anayetaka jambo fulani. Lakini sheria haikutuamuru kusahau. Inatukataza kunufaika tu, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kwa kuwa haiamini kwamba tunaweza kuwa waamuzi wa haki wa nia zetu, sheria inatupa kipimo kilicho nje yetu: wenzetu wa kiwango chetu wangefanya nini kwa karata hizi? Tena msimamizi wa mashindano, akiitwa mezani, anaweza kuwapa wachezaji wengine karata zile bila kuwaambia kisa cha kimya, akasikiliza majibu yao. Akiona kwamba wengi wangepita, hubadili matokeo. Na akibadili, hamwiti mtu yeyote mwizi. Hurekebisha hesabu tu, mchezo ukaendelea.

Sisi tuliosimamia mitihani twalijua jambo hili kwa sura nyingine. Mtoto ameinua kichwa apumzishe shingo, macho yake yakaangukia karatasi ya jirani, akaona jibu la swali la saba ni 48. Yeye alikuwa ameandika 46. Hakukusudia kuchungulia. Sasa afanye nini? Akilipitia upya swali lake, atakuwa akitafuta njia ya kufika 48. Pengine ataipata, na pengine hata ataielewa. Lakini alama ile haitakuwa kipimo cha yale aliyokuja nayo chumbani. Mtoto mwadilifu huacha 46 yake. Ni jambo gumu, na wapo waliolifanya, wala hatukuwaona wala kuwasifu, kwa sababu uadilifu wa namna hii hauachi alama karatasini.

Hila za karata na hila za uso

Huenda mtu akauliza: mbona briji yenyewe imejaa hila? Mchezaji hutupa karata kubwa apate kumpumbaza mpinzani. Hutaja ahadi ya kutisha ilhali mkono wake ni mtupu. Je, huo si uongo?

Sheria zinatenganisha mambo mawili. Kumdanganya mpinzani kwa karata yenyewe au kwa tamko la mnada kunaruhusiwa, mradi mwenzi wako naye hajui siri usiyowafunulia wapinzani. Kumdanganya kwa mwenendo kumekatazwa. Tuseme mwenye ahadi anamtafuta malkia wa shupaza, na hajui yuko mkono wa kulia au wa kushoto. Anatupa ghulamu. Mpinzani afuataye hana malkia, wala hana la kufikiria. Lakini asita, akashika karata moja, akaiacha, akashika nyingine, ili mwenye ahadi adhani kwamba malkia yuko kwake. Huyo amevunja sheria. Angetupa karata yoyote iliyoruhusiwa kwa mwendo wa kawaida, na mwenye ahadi akakosea mwenyewe, hakuna wa kulaumiwa.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu watu wote wanne walikubaliana kabla ya kuketi kwamba karata zitasema, na nyuso zitanyamaza. Makubaliano hayo hayafanani kila mahali. Wabasque, wakaao mpakani mwa Hispania na Ufaransa, wana mchezo wa karata uitwao mus, na humo mwenzi huruhusiwa kumpa mwenziwe ishara za uso. Kuuma mdomo wa chini, kwa mfano, ni ishara ya wafalme wawili. Kitendo ambacho katika briji kingemfukuzisha mtu mashindanoni, katika mus ni sehemu ya ustadi. Basi ubaya haumo katika mdomo wala katika jicho. Umo katika kuvunja neno tulilowekeana. Yule anayekonyeza katika briji anacheza mchezo mmoja, huku wapinzani wake wakiamini kwamba wanacheza mwingine.

Sheria inaponyamaza

Pamoja na hayo, sheria hazimtaki mtu aseme kila kitu. Ukiwa na kopa mkononi na kopa ndiyo inayochezwa, ni lazima utupe kopa. Ukitupa nyingine kwa kutoangalia, ukagundua mapema, huna budi kusahihisha. Lakini mzunguko ukishapita na kosa likawa limethibitika, hulazimiki kulitangaza. Wapinzani wasipoliona, unaweza kunyamaza. Hata hivyo huruhusiwi kulificha, kama kwa kurudia kosa lile ili la kwanza lisigunduliwe.

Tofauti yake ni hii: mwenzi wako akiwapa wapinzani maelezo yasiyo sahihi juu ya maana ya matamko yenu, sheria inakulazimu kusahihisha kwa wakati uliowekwa, hata kama wao hawakuuliza neno. Vilevile huruhusiwi kupokea pointi za mzunguko ambao unajua hukuutwaa.

Wengine huziona sheria hizi kuwa hazipatani. Sisi twaona zina mzizi mmoja. Kopa uliyosahau kuitupa itaonekana mezani siku zote itakapotoka, na mpinzani aliye macho anaweza kuigundua mwenyewe. Lakini makubaliano yako na mwenzi wako yamo vichwani mwenu wawili, na mpinzani hana njia yoyote ya kuyafikia ila ulimi wako. Pale ambapo mwenzako anaweza kuona kwa macho yake, sheria inakuruhusu kunyamaza. Pale ambapo anakutegemea wewe peke yako, kunyamaza kwako ni kumnyang'anya.

Wapo wanaotangaza hata yale ambayo sheria haikuwalazimisha, nasi twawaheshimu. Ila hatuthubutu kumwita mdanganyifu yule anayenyamaza mahali sheria ilipomruhusu.

Mbao na kamera

Mwaka 1965, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Buenos Aires nchini Argentina, Waingereza wawili mashuhuri, Terence Reese na Boris Schapiro, walishtakiwa kwamba waliambiana idadi ya kopa zao kwa namna walivyoshika karata kwa vidole. Shirikisho la dunia liliwaona wana hatia. Uchunguzi uliofanywa baadaye nchini kwao, chini ya mwanasheria Sir John Foster, ulisema mwaka 1966 kwamba hatia haikuthibitika pasipo shaka. Watu wameendelea kubishana tangu siku hizo.

Mwaka 1975, katika mashindano ya dunia kisiwani Bermuda, kiliwekwa kiwambo cha mbao katikati ya meza ili wenzi wasionane nyuso. Katika mashindano hayohayo Waitalia wawili walikemewa kwa kugusana miguu chini ya meza, na ikabidi hapo chini nako pawekwe kizuizi. Ikapita miaka 40. Mwaka 2015 mchezaji wa Norway, Boye Brogeland, aliwashtaki hadharani vijana wawili wa Israel waliowahi kuwa naye katika timu moja, naye akazikana tuzo alizoshinda pamoja nao. Picha za video zilitazamwa tena na tena, ikaonekana kwamba mahali walipokiweka kibao cha karata baada ya mnada palikuwa na maana ya siri. Mwaka uliofuata Shirikisho la Ulaya liliwafungia.

Funika uso, utazungumza mguu. Funika mguu, kitazungumza kibao. Hatusemi kwamba viwambo havifai. Vimesaidia watu wengi wasiingie majaribuni. Lakini kiwambo hakiwezi kufika mahali pale ambapo Kusini ameketi na pointi zake tisa, akijua asichopaswa kukijua.

Tena mdanganyifu hamwibii mpinzani peke yake. Humwibia pia mwadilifu jina lake jema. Mahali penye udanganyifu, kila aliyebahatisha vizuri baada ya mwenzi wake kusita hutazamwa kwa jicho la mashaka, hata kama moyo wake ni safi. Kwa sababu hiyo mwadilifu hupita, akapoteza, akijua kwamba analinda kitu kikubwa kuliko mchezo wa jioni moja.

Mezani petu

Sasa tuache karata. Wengi wenu hamtashika shupaza maishani mwenu, lakini mtaketi katika kamati. Kamati ya shule inataka mabati, na wenye maduka watatu wameombwa kuleta bei zao katika bahasha zilizofungwa. Mjumbe mmoja ana shemeji anayeuza mabati. Njiani kwenda kisimani akasikia bei ya duka la pili. Hakuuliza, ilisemwa tu. Je, akimnong'oneza shemeji yake ashushe kidogo, si shule itafaidika kwa kupata bei nafuu?

Huko ndiko kusema "shupaza nne". Hoja yenyewe ni nzuri, na hesabu yaweza kutoka sawa. Lakini wale wawili wengine walileta bahasha zao wakiamini kwamba wanashiriki shughuli moja na wenzao. Mjumbe huyo hawezi kusahau alichosikia, wala hakuna amtakaye asahau. Awaambie wenzake, "Nimesikia bei ambayo sikupaswa kuisikia," kisha akae kando wakati wa kuamua. Atakuwa amefanya kama mchezaji anayemwita msimamizi mezani: hakuna mwizi aliyetajwa, na hesabu imerekebishwa.

Pengine shemeji atanuna. Pengine mabati yatanunuliwa kwa bei ya juu kidogo, na watu wakamwuliza faida ya unyofu wake ni ipi. Hatuna jibu litakalomwondolea hasara hiyo, maana anayepita kwa haki mara nyingine hushindwa, na sheria haimwahidi kitu. Ila siku nyingine kamati ikiomba bei katika bahasha, wenye maduka wataleta, kwa kuwa wanajua kwamba zitafunguliwa zikiwa bado zimefungwa.